Mgawie Mwenzako

Siku tuliyomaliza matanga ya mama mkwe wangu nilikaa mlangoni pa jiko, nikiwatazama wanangu wawili uani. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja, watu wazima sasa, wenye mvi za kwanza kando ya masikio. Kulwa alikuwa amefika kutoka Mwanza, Doto kutoka Bariadi mjini. Jirani akampa Kulwa kikombe cha chai. Kabla hajaonja, Kulwa akamimina nusu kwenye kikombe kitupu cha ndugu yake, huku akiendelea kuongea na shangazi yake, bila hata kuangalia mkono wake unafanya nini. Doto akapokea, akanywa, wala hakusema asante. Yule jirani ni mwanamke kijana aliyehamia kwetu karibuni. Akaja kuniinamia sikioni. "Mama Kulwa, kwani chai imeisha?" Nikamwambia chai ipo, sufuria imejaa. "Sasa mbona wanagawana?" Nikamwambia hilo ni jambo refu, linaanzia siku ya kwanza niliyowapeleka shule, na kwamba nitamweleza tukitulia. Tangu hapo ameniuliza tena mara kadhaa, kwa sababu mwakani naye anapeleka mtoto wake wa kwanza darasa la kwanza na ameanza kukosa usingizi mapema. Basi haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa mama yeyote ambaye siku hiyo bado inamsubiri.

Kwanza nieleze, kwa asiyezaliwa Usukumani, kwamba Kulwa na Doto si majina ya kuchagua. Mapacha wakizaliwa, wa kwanza anaitwa Kulwa na wa pili Doto, wawe wa kike au wa kiume, na atakayewafuata ataitwa Shija. Mimi Kulwa wangu ni msichana na Doto ni mvulana. Na mapacha wana sheria zao. Zamani zilikuwa nyingi, na nyumbani kwetu aliyezishika zote kichwani alikuwa mama mkwe, ambaye nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu. Kubwa kuliko zote ni hii: anachopata mmoja, mwenzake apate. Ukimnunulia mmoja shati, unanunua mawili ya kitambaa kimoja. Ukimchapa mmoja, unamgusa na mwingine, hata kama alikuwa amelala. Mayu aliamini kwamba pacha aliyenyimwa hudhoofika, taratibu, bila ugonjwa wenye jina, na hakuamini hivyo kwa mzaha. Alikuwa amewahi kuzika mtoto wa dada yake, pacha, na alijua vizuri ni kipande gani cha nyama ambacho yule mtoto hakupewa.

Mwaka niliowapeleka shule, kila kitu kilikuwa kinageuka kijijini kwetu. Pamba tuliyozoea kuipeleka kwenye ghala la ushirika, na kusubiri, sasa ilifuatwa na watu binafsi waliokuja na malori yao na mizani yao, kila mmoja akijisifu kuliko aliyepita jana. Sabuni na sukari, ambazo miaka michache nyuma tulizipangia foleni, zilikaa tu dukani zikitusubiri sisi. Kwenye mnada wa ng'ombe palikuwa na marundo ya mitumba, na wazee wetu wakaanza kuvaa makoti ya baridi katikati ya jua la Bariadi. Lakini shule ndiyo iliyoanza kutiliwa shaka. Zamani mtoto akimaliza darasa la saba mzazi alitegemea serikali impatie pa kukaa, sekondari au kazini. Sasa vijana walimaliza na kurudi kukaa chini ya ukuta wa duka, na michango ya shule ilizidi kuja. Mume wangu hakuikataa shule, ila hakuililia. Kijana wetu wa kuchunga alikuwa ametukimbia kwenda kupakia marobota kwa mnunuzi wa pamba, na ng'ombe hawakuwa na mtu. "Wakipokelewa, waende," aliniambia. "Wasipopokelewa, kazi ipo." Mimi niliishia darasa la nne. Nilikuwa nimewaona watoto wa majirani wakiambiwa "mwakani," na mwakani ilipofika walikuwa na fimbo mabegani na hawajui tena njia ya shule. Kwa hiyo nilijua kabisa ninachokwenda kukitafuta asubuhi ile. Nilitaka majina mawili yaandikwe, siku moja.

Tulikula matobolwa kwa maziwa mgando, viazi vile vinavyochemshwa na kukaushwa, ambavyo ukivitafuna asubuhi vinakufikisha mchana. Watoto walikula bakuli moja, kama kawaida. Fundi alikuwa amekata mashati yao kutoka kitambaa kimoja, na kwa kuwa alikuwa amepima mwili wa Kulwa tu, shati la Doto lilimfika karibu na magoti. Kila mtoto wa darasa la kwanza alitakiwa kuja na fagio, nami nilikuwa nimefunga mafagio mawili na kuyalinganisha kwa kuyasimamisha ukutani. Mayu alitoka ndani, akayachukua, akayapima tena mwenyewe. Kisha akaniambia, huku akinirudishia, "Wanakwenda wawili, wanarudi wawili." Nikasema ndiyo mayu. Nilifikiri anatutakia safari njema.

Shule ilikuwa na madarasa mawili ya tofali na moja la miti, na chini ya dirisha la ofisi palikuwa na mstari wa wazazi. Siku hizi mtoto anaandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Sisi vijijini vyeti hatukuwa navyo, kwa hiyo mwalimu alipima umri kwa njia ya mkono. Mtoto anasimama wima, anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na ajaribu kushika sikio la kushoto. Akilifikia, ana miaka ya kutosha. Asipolifikia, arudi nyumbani akue. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mwanamke mpole kutoka upande wa Bukoba, mwenye sauti ya kukwaruza kwa vumbi la chaki. Kulwa alipita mbele, akatupa mkono juu ya kichwa chake na kulikamata sikio kana kwamba lilikuwa linataka kuruka. Wazazi wakacheka. Mwalimu akaandika. Kisha Doto. Doto alikuwa ameugua surua mwaka uliotangulia na mwili wake ulikuwa bado haujajaa. Vidole vyake viliishia juu ya sikio, kwenye nywele. Akainamisha kichwa pembeni ili kukutana navyo. Mwalimu akakinyoosha kichwa taratibu kwa viganja viwili. "Wima, baba. Jaribu tena." Akajaribu tena. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa Kisukuma kwamba huyo mkono wake umesahau kukua, na mwingine akamjibu kwamba huenda ni kichwa kilichowahi.

"Huyu nimemwandika," mwalimu aliniambia. "Huyu mdogo wake umlete mwakani."

"Mwalimu, si mdogo wake. Wamezaliwa siku moja."

Alinitazama, akawatazama, akaona mashati. "Kulwa na Doto?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Pole, mama. Nakuelewa." Akashusha sauti. "Nikimpokea huyu, wale wote waliorudishwa watanirudia. Na ndani watoto wanakaa chini tayari. Amua wewe. Huyu wa kike ninayo nafasi yake. Ukimwondoa leo, siwezi kukuahidi kwamba mwakani utaikuta."

Nawaambia kina mama wanaokuja kuniuliza: siku ile kila mzazi hukutana na jambo ambalo hakujiandaa nalo, na kulikuta si dalili kwamba umekosea. Mimi nilisimama pale nikiwa nimewashika wote wawili mikono. Upande mmoja nilisikia maneno ya mayu, ambayo sasa tu ndipo nilipoyaelewa. Upande wa pili niliwaona ng'ombe. Nikauachia mkono wa Kulwa. Yeye alikwenda mpaka mlangoni bila kugeuka, na alipogeuka hakunitafuta mimi, alimtafuta Doto. Doto akanyanyua fagio lake kumwonyesha. Mwalimu akatabasamu, akamwambia, "Liache tu, tutalitumia," naye akalilaza juu ya rundo na kunifuata. Kwa hiyo siku ile fagio la Doto lilianza shule, mwenyewe akarudi nyumbani.

Njiani hakulia. Aliuliza tu swali moja, kama Kulwa atalala huko. Tulipofika, mayu alikuwa uani akichambua nsansa, majani makavu ya kunde. Alituhesabu kwa macho. "Mwangaluka," nilimwamkia tena, kana kwamba hatukuwa tumeonana. Hakuitikia. Nikamweleza habari ya mkono na sikio. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Yaya," yaani hapana, neno moja tu, akaendelea na majani yake. Mchana nilimpakulia Doto ugali. Akakaa mbele ya bakuli, mikono mapajani. Nikamwambia ale. Akasema anasubiri. Bakuli likapoa. Mayu alikuwa akitazama bakuli lile, mimi nikimtazama mayu, na najua tulikuwa tunaona kitu kimoja: kwamba kudhoofika kumeanza. Tofauti ni kwamba yeye aliamini na mimi niliogopa, na siku kama ile hayo mawili yanakaribiana sana. Mchana kutwa nilipanga maneno ya kujitetea. Nilipanga kusema kwamba dunia imebadilika, kwamba mwalimu ndiye aliyeamua, kwamba nitampikia Doto mayai. Nikiyasikia leo, nacheka.

Kulwa alirudi jua likiwa bado kali, magoti meupe kwa vumbi. Doto aliinuka. Kabla hawajafikiana, mayu alimwita Kulwa kwake, akamsimamisha katikati ya magoti yake na kumuuliza kama ambavyo angemuuliza aliyetoka kwenye sherehe ya watu: "Huko wamekupa nini?"

Kulwa akafikiri. "Hawakunipa kitu."

"Umekaa siku nzima nyumba ya watu wasikupe kitu?"

"Wametupa a."

"Ndiyo nini hiyo?"

Kulwa akachuchumaa na kuichora kwenye vumbi kwa kidole, duara na kamkia. Akaisema kwa sauti, mdomo wazi, kama walivyofundishwa. Mayu akaitazama kwa muda. Alikuwa hajui kusoma hata herufi moja, na aliikagua kama anavyokagua ndama aliyeletwa kuuzwa. Kisha akasema, "Mgawie mwenzako."

Hivyo tu. Kulwa akaushika mkono wa Doto, akakiweka kidole chake kwenye vumbi, wakaichora wote, na Doto akasema a. Akaisema tena. Halafu akaenda kulivuta bakuli la ugali uliopoa, wakala. Mayu akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Aende," alisema. "Lakini kila anachopewa kinagawanywa hapa, mbele yangu. Siku asipogawa, wote wawili wanabaki."

Ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Kila jioni, kabla ya chakula, mayu alitandaza majivu ya baridi kando ya mafiga kwa ubavu wa mkono, yakawa laini kama unga, na kuuliza, "Leo wamekupa nini?" Kulwa alitoa. Alitoa herufi, nyimbo, hesabu za vijiti, na namna ya kumsalimia mgeni akiingia darasani. Siku moja alichelewa shule akapewa fimbo moja ya kiganjani, na jioni akaitaja kwa kunong'ona. Mayu hakucheka hata kidogo. "Mgawie." Doto akanyoosha kiganja, Kulwa akachomoa unyasi kwenye paa na kumgusa nao, na Doto akatoa yowe lililomfanya baba yao amwage chai. Asubuhi nayo ilikuwa na kazi yake. Mayu, ambaye hakuwa na neno jema kuhusu shule, alimwita Doto kila siku, akampaka mkono wa kulia samli, akauvuta. "Sikio liko wapi?" "Bado, bibi." "Litakuja."

Msimu wa kuvuna ndipo mambo yalipokaribia kuvunjika. Nyumba ilikuwa imejaa pamba hadi chumba cha kulala, tukilala na mbegu zikituchoma ubavuni. Jioni moja Kulwa alirudi akitembea tofauti, kidevu juu. Mayu akatandaza majivu, akauliza. Kulwa akasema, "Leo ni changu."

"Kipi?"

"Mwalimu amenichagua mimi. Sigawi."

Hata leo simlaumu. Alikuwa mtoto ambaye hajawahi kumiliki kitu kizima, hata tumbo la mama yake. Lakini mayu aliyafuta majivu kwa kiganja. "Kesho mnabaki wote wawili," alisema, bila kupandisha sauti. Asubuhi shati la shule lilibaki kwenye kamba. Mume wangu alikuwa amekwishakata fimbo mbili, na sikuona uso wake ukihuzunika. Nilimfuata hadi zizini. "Siku moja tu," alisema. "Mama kasema. Na ng'ombe wenyewe si unawaona." Nilijua siku moja ile. Niliiona ikizaa ya pili. Nikarudi uani nikiwa nimeamua kusema na mayu, jambo ambalo mkamwana hafanyi kirahisi, na nikamkuta Doto amenitangulia, amesimama mbele ya bibi yake na fimbo ya ng'ombe mkononi.

"Bibi, alinigawia."

"Lini?"

"Jana, kisimani."

"Alikugawia nini?"

Doto akaiweka fimbo chini. Akachuchumaa, akachora kwenye vumbi a, e, i, o, u, moja baada ya nyingine, akizisoma kwa kiburi kikubwa, kana kwamba zimefika jana kutoka Bariadi kwa lori. Herufi zile walikuwa wamezigawana tangu mvua za masika. Mimi nilizijua, Kulwa aliyekuwa nyuma ya mlango alizijua. Mayu alizitazama. Nimejiuliza miaka mingi kama kweli hakuzikumbuka, yeye aliyekaa nazo jivuni jioni baada ya jioni, mtu ambaye angeweza kumtambua ng'ombe wake kwa unyayo. Sasa alimtazama Doto, si herufi. "Ni nyingi," alisema hatimaye. "Amekupa nyingi." Kisha akainua uso kuelekea mlangoni. "Wewe uliyejificha, utachelewa."

Kulwa alivaa shati akikimbia. Jioni ile, kabla ya kuulizwa, aliimba. Alikuwa amechaguliwa kuanzisha wimbo wa asubuhi mbele ya shule nzima. Akauanza, akanyamaza katikati, akamwachia Doto aumalize.

Januari iliyofuata nilikwenda na Doto peke yake, maana Kulwa alikuwa ametangulia na wenzake wa darasa la pili. Mwalimu alikuwa yuleyule. Doto hakusubiri kuambiwa. Alisimama wima, akapitisha ule mkono uliokula samli mwaka mzima, ukafika sikioni na kulipita, hadi kwenye taya. Mwalimu akauliza kama ana fagio. Doto akamjibu kwamba fagio lake liko humo ndani tangu mwaka jana. Nilitembea kurudi nyumbani mikono mitupu, na nilipofika mayu akanihesabu kwa macho, mmoja, akaitikia salamu yangu.

Jioni akatandaza majivu kama siku zote. Kulwa alikuwa amekaa kando ya mafiga na bakuli lake, mtoto ambaye sasa alisoma kila alichokiona, magunia ya pamba, makopo ya mafuta, maandishi ya kwenye kanga yangu nikiwa nimeivaa. Mayu akampita. Akamgeukia Doto. "Wewe, leo wamekupa nini?"

"Wamenipa a."

"Mgawie mwenzako."

Nilishikilia mwiko bila kuusogeza. Nilimjua Kulwa, nilijua kicheko kilivyo karibu naye, na nilijua kingemvunja Doto vipi mbele ya bibi yake. Doto akainama, akaichora kwenye jivu, duara na kamkia, kwa uangalifu, akijitahidi. Kulwa akaweka bakuli chini. Akajifuta viganja kwenye sketi, kimoja na kingine, kama tunavyofanya tukipewa nyama. Akasogea, akaitazama.

"Inaitwaje hiyo?" akauliza.

"Inaitwa a."

"A," akasema Kulwa, mdomo wazi. Akaweka kidole chake juu ya alama ya kidole cha Doto, akaifuata hadi mwisho wa mkia. "Nzuri."

"Haya," akasema mayu, akivuta kigoda chake karibu na moto. "Kuleni."